Mjane wa Mtu Aliye Hai

Kama hukunisoma wiki iliyopita, hukukosa kitu ila machozi, na hayo yapo mengine huku mbele.

Kwa ufupi tu: mimi ni Leonor Arruda wa Fall River, Massachusetts, niko mwaka wa mwisho wa sekondari, na tangu utotoni sina hamu ya kusoma kitu kingine zaidi ya mwani na viumbe wa baharini. Chuo ninachokitaka ni Penhallow, kule Maine. Niliomba mapema, na Desemba wakanijibu jibu ambalo si ndiyo wala hapana. Wameniweka kando, watanitazama tena Machi pamoja na wengine.

Hapo mshauri wetu wa shule, Bwana Pacheco, akanipa utaratibu. Mwombaji anaandika mwenyewe. Anamwandikia afisa anayesoma maombi ya upande wetu, mara moja tu, kwa ufupi. Anasema bado anakitaka chuo na ana jipya gani, anashukuru, ananyamaza. "Na mama asipige simu," akasema. "Leonor, nakuomba sana. Mama asipige."

Barua yangu nikaituma, na Mama hakupiga. Mama aliwaambia akina mama wa parokia, wakapiga wao. Kiongozi wao, Bi. Deolinda, alituma hadi mkate mtamu kwa posta mpaka ofisi ya udahili. Sisi ambao babu zetu walitoka visiwa vya Azores huwa hatuendi ofisini kuomba jambo peke yetu na mikono mitupu. Tunakwenda na watu, na watu wanakwenda na mkate.

Wasomaji wangu, niliwaacha pale Bwana Pacheco aliponitoa kwenye kipindi cha baiolojia, akaniingiza ofisini kwake na kufunga mlango.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Leonor, baba yako alikufa lini?"

"Baba yangu hajafa."

"Najua hajafa. Nilitaka nisikie kutoka kwako." Akashusha pumzi. "Bi. Thayer wa Penhallow, yule anayesoma maombi ya upande wetu, amenipigia. Anasema faili lako lina baba wawili. Kuna yule uliyemwandika wewe kwenye fomu, yuko hai, anaishi kwingine. Halafu kuna yule wa akina mama wa parokia. Huyo ni marehemu."

Nikaelewa papo hapo.

Baba alipoondoka, miaka minne iliyopita, Mama alisubiri mpaka Jumapili, akaenda kanisani amevaa nyeusi tupu, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi soksi. Hakutangaza kifo wala hakusema lolote. Wanawake wakamtazama, wakaelewa anataka achukuliwe vipi, na jioni hiyo wakaanza kuleta supu kama wanavyoleta kwenye matanga. Tangu hapo parokia nzima inamwita mjane Odete, ingawa kila mmoja anajua mumewe yuko mahali fulani anakula na kunywa. Ni heshima tu waliyompa. Mwanamke aliyeachwa hunong'onwa, mjane husogezewa kiti.

Sasa heshima hiyo ilikuwa imepigiwa simu mpaka Maine.

"Walisema nini?" nikauliza.

"Kwamba wewe ni binti wa mjane. Kila aliyepiga alianza hivyo. Bi. Thayer akaona hili ni jambo zito na kwenye fomu halimo. Akapiga kwenu kukutafuta, akampata mama yako. Akampa pole kwa msiba."

"Mama akasemaje?"

Bwana Pacheco akavua miwani, akaifuta kwa tai yake.

"Akasema asante."

Ningecheka kama yangekuwa ya mtu mwingine.

"Haijaisha," akasema. "Juzi mwanamume alipiga ofisini kwao. Akajitambulisha, Duarte Arruda, baba wa mwombaji, anauliza kama barua ya binti yake imefika salama. Aliyepokea akafungua faili, akamwambia, samahani bwana, kwa taarifa tulizo nazo baba wa mwombaji huyu alishafariki."

"Walimwambia hivyo Baba?"

"Walimwambia hivyo."

Nikajifunika uso.

"Nisikilize sasa, utalia baadaye," akasema Bwana Pacheco. Si mtu mkali, alisema kwa upole. "Kamati yao inakaa Ijumaa. Wanavyoona wao, ama ulidanganya kwenye fomu, ama umetuma watu wakuombee nafasi kwa kifo cha kubuni. Mtoto anayemuua baba yake ili aingie chuo hapati chuo, hata awe na alama nzuri namna gani. Lazima waelezwe, na anayewaeleza ni wewe. Si mimi, si mama, si parokia."

Nilikuwa sijafika hata mwisho wa korido simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Baba.

Hapa niseme jambo ambalo Mama alikuwa halijui. Tangu vuli tulikuwa tunazungumza, mimi na Baba. Alikuwa akinipigia Jumapili, Mama akiwa misa. Anatengeneza injini za boti siku hizi. Hatukuwa na mazungumzo makubwa, aliniuliza nimekula nini, nikamuuliza baridi ikoje. Habari za Penhallow nilimwambia mimi. Sikumwambia apige.

"Mwanangu," akasema. "Nilikufa kwa kitu gani?"

"Baba."

"Nataka kujua tu. Moyo? Ajali? Kama ni ajali, natumaini kosa halikuwa langu."

Alijaribu kucheka, kicheko kikamkatikia njiani.

"Baba, nisikilize."

"Nilivaa shati kupiga simu ile, unajua? Niko chumbani peke yangu, nikavaa shati la kanisani, nikachana nywele. Nikajiambia naongea na chuo cha mwanangu. Halafu yule mtu ananiambia mimi marehemu, tena kwa adabu kabisa. Ni wewe uliyewaambia?"

Jibu lilikuwa neno moja tu, Mama. Lakini akilini nikamwona Mama jikoni na kitambaa chake cheusi, nikamwona Baba akimpigia simu baada ya miaka yote hii ili amwambie maneno ninayoyajua. Nikatafuta namna ya kusema ambayo isingemchoma yeyote. Nikaitafuta kwa muda mrefu mno.

"Basi," akasema Baba. "Nimekuelewa."

"Hapana, Baba, sivyo."

"Sikulaumu. Niliondoka bila kukuaga, ukiwa umelala. Una haki ya kunizika."

Akakata. Nikapiga, hakupokea. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Nikaingia chooni, nikajifungia, nikalia mpaka msichana mmoja akagonga kuniuliza kama namhitaji nesi.

Nyumbani Mama alikuwa ameshatoka kiwandani, anakoshona mapazia. Alikuwa anakatakata sukuma wiki ya supu, na soseji zilikuwa zinachemka. Sikuvua hata koti.

"Mama, yule Bi. Thayer alikupa pole, ukasema asante."

"Ulitaka niseme nini? Mtu akikupa pole unamrudishia?"

"Ungemwambia Baba hajafa."

"Hajafa kwa nani?" Kisu hakikusimama. "Kwangu alikufa siku aliyobeba sanduku. Nimemlilia, nimemvalia nyeusi, nimemwombea misa."

"Umemwombea misa Baba?"

"Kila Novemba. Padri hakuuliza, nami sikueleza."

"Mama, watu wa chuo hawayajui mambo yetu. Kwao mtu akifa amekufa. Sasa wananiona mimi mwongo, na Ijumaa wanakaa kuamua."

Hapo kisu kikasimama.

"Wewe mwongo? Wewe hukusema kitu."

"Ndiyo shida yenyewe. Nilitakiwa kusema mimi peke yangu, mkasema nyote."

Akavuta kiti, akakaa. Vipande vya majani vilikuwa vimemganda vidoleni. "Deolinda alisema watafurahi," akasema. "Alisema mtoto anayependwa na watu wote hawa, nani atamkataa? Nami nikaona ni kweli." Akanitazama. "Mimi sijasoma, Leonor. Nilidhani ndivyo mtu anavyosaidiwa."

Ndivyo Mama alivyo, ukimkasirikia anakuwa mdogo mbele yako mpaka unaionea aibu hasira yako. Nilimwonea huruma. Ningenyamaza hapo tungekula supu yetu, na mimi ningekuwa nawaandikia mkasa mwingine leo. Lakini nilikuwa nimejaa, nikaropoka.

"Na Baba naye sasa anaamini ni mimi niliyemzika. Baada ya kupiga chuoni hataki hata kupokea simu yangu."

"Duarte amepiga chuoni?"

Nikajiuma ulimi, nimechelewa.

"Duarte amelijuaje jina la chuo?" Mama akasimama. "Leonor. Baba yako amejuaje?"

"Nilimwambia."

"Mnaongea."

"Jumapili. Ukiwa misa."

"Mimi niko kwa padri namwombea marehemu, marehemu yuko kwenye simu na mwanangu." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Anakaa wapi?"

"Maine."

"Maine ni kubwa."

"Mama, tafadhali."

"Maine wapi?"

Nikamwambia. Ni mji uleule wa Penhallow, ng'ambo ya daraja. Kutoka nyumbani kwake unafika chuoni kwa miguu kabla kahawa uliyobeba haijapoa.

Mama akazima jiko. Sukuma ilikuwa bado kwenye ubao, haijaingia hata chunguni.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "nimeitoa parokia nzima nyumbani, wanawake wazima wamepiga simu, wametuma mkate, wakuombee uende kwa Duarte."

"Ni kwa ajili ya masomo. Nilikitaka chuo hiki kabla sijajua Baba yuko huko, naapa."

Na hiyo ni kweli, wasomaji wangu. Nilikijua Penhallow kwanza. Lakini Mama ananijua kuliko mnavyonijua.

"Nakuamini," akasema. "Na baada ya kujua? Hukukitaka zaidi?"

Siku moja, wazazi wawili, na wote nimewajibu kwa kunyamaza.

Mama akaosha mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja, akaingia chumbani kwake. Ile sukuma ilinyauka palepale ubaoni.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bwana Pacheco kabla hajafungua. Nilikuwa nimeandika barua ndefu ya kumtumia Bi. Thayer kwa kompyuta. Kila kitu kilikuwamo, sanduku la Baba, soksi nyeusi, shati la kanisani, misa za Novemba, mpaka yule msichana wa chooni.

Aliisoma yote. Alipomaliza akapiga chafya ambayo haikuwa chafya.

"Hii umpelekee padri," akasema. "Au mimi, nitaitunza. Chuo kimekuuliza swali moja. Kijibu hilo."

"Nikijibu kwa kifupi wataona sina uchungu."

"Uchungu wako si kazi yao. Ukiwapa wote hawatajua waushike wapi. Waambie lililo kweli, usimshitaki mtu, ushukuru."

Tukakaa. Nikaandika, akafuta. Nikaandika tena, akafuta kidogo. Ilipokwisha ilikuwa hivi:

"Bi. Thayer mpendwa, baba yangu Duarte Arruda yuko hai, na niliyoyaandika kwenye fomu ni sahihi. Wazazi wangu waliachana, na katika parokia yetu mama yangu huheshimiwa kama mjane. Waliokupigia walisema kwa mapenzi, nami sikuwatuma. Samahani kwa usumbufu huu. Penhallow bado ndicho chuo ninachokitaka kuliko vyote. Asante kwa kunisoma. Leonor Arruda."

"Na mkate?" nikauliza. "Nisiombe radhi kwa mkate?"

"Mkate waliula. Bi. Thayer aliniuliza unatengenezwaje."

Ni mistari michache tu, lakini neno moja lilinitoa jasho. Waliachana. Mama amelifunika neno hilo kwa nguo nyeusi miaka minne, asilisikie hata kwa jirani, na mimi nikampa mtu wa mbali nisiyemjua, kwa kubonyeza kidole. Nikatuma. Kisha nikamtumia Baba ujumbe, kwamba si mimi, anisamehe, apokee simu. Hakujibu.

Niliporudi nyumbani nilishangaa kumkuta Mama. Alitakiwa kuwa kiwandani. Alikuwa ameketi jikoni, mikono juu ya meza, hakuna kinachopikwa.

"Hujaenda kazini?"

"Nimeomba ruhusa."

"Unaumwa?"

Kabla hajanijibu simu yangu ikalia. Namba ya Maine, lakini si ya Baba.

"Leonor? Hapa ni Bi. Thayer, Penhallow. Unaweza kuzungumza?"

"Naweza," nikasema.

"Nimesoma barua yako. Asante. Sijapata barua iliyonyooka namna hii kwa muda mrefu. Kwangu suala la baba yako limekwisha, na Ijumaa nitaieleza kamati hivyo."

Nikaegemea friji. Nilitaka kumshukuru, nikashukuru mara nyingi mno, nikamkumbuka Bwana Pacheco, nikanyamaza.

"Kuna jambo moja limebaki," akasema Bi. Thayer. Sauti ilikuwa imebadilika kidogo. "Mama yako alinipigia leo asubuhi."

Nikageuka. Mama hakuinua macho kutoka mezani.

"Alikuwa mpole sana. Alisema kosa lilikuwa lake, wewe huna hatia. Alilia kidogo. Halafu akaomba tuliondoe jina lako. Alisema umebadili mawazo, utasoma karibu na nyumbani."

"Mama alisema hivyo?" nikauliza.

"Nilimweleza kwamba mzazi hawezi kuliondoa. Ni mwombaji peke yake. Kwa hiyo nakuuliza wewe, Leonor, na jibu lako ndilo nitakalolipeleka kwenye kamati. Tuliondoe?"

Simu yangu inapaza sauti. Mama alikuwa amesikia kila neno.

"Mwambie," akasema kwa sauti ya chini. "Mwambie unabaki."

"Bi. Thayer, naomba dakika moja."

"Chukua muda wako."

Nikaifunika simu kifuani. "Mama, usinifanyie hivi."

"Sikufanyii kitu. Nakuomba. Lini niliwahi kukuomba kitu?"

Hakuwahi. Amenishonea, amenipikia, amenisimamia kila mahali na ile nyeusi yake, na hakuwahi kuniomba hata glasi ya maji.

"Nikienda nitarudi, Mama. Nitarudi Krismasi, nitarudi Pasaka."

"Duarte naye alisema atarudi Pasaka," akasema Mama.

Akasimama, akachukua koti lake ukutani. Akalivaa polepole, akafunga kila kifungo.

"Unakwenda wapi? Nje theluji inaanguka."

"Wewe jibu simu yako."

"Mama."

"Alivyoondoka yeye nilisimama dirishani hapa, nikamtazama mpaka kona ile. Siwezi kusimama tena pale, Leonor, sina nguvu hiyo. Safari hii natangulia mimi. Ukishajibu, lolote utakalojibu, sitakuwepo kukuona unafunga sanduku."

Mlango ukafungwa. Nikakimbilia dirishani. Alikuwa anateremka mtaa, mweusi peke yake katikati ya weupe ule, miguuni amevaa slipa za ndani, na hakuwa anaelekea kanisani.

Kifuani pangu, ndani ya simu, Bi. Thayer akasema, "Leonor? Bado upo?"